Dada Alipokonda

Mizani ya hospitali ilikuwa na mwisho wake, na dada yangu aliupita. Muuguzi alisogeza kile chuma mpaka ukingoni, akakirudisha, akakisogeza tena, kisha akamwambia shemeji kwa sauti ya chini atupeleke kwenye ghala la mahindi karibu na stesheni, kwa kuwa kule kulikuwa na mizani ya magunia. Tukaenda. Wapagazi walituachia nafasi. Dada alivua kandambili, akapanda kwenye bamba la chuma lililojaa vumbi la pumba, akasimama amenyooka kama mtu anayepigwa picha. Karani akasoma kilo mia moja na arobaini na moja, akaandika kwenye kipande cha karatasi. Hakuna aliyecheka. Dada akashuka, akavaa kandambili zake, akasema, "Haya, tumepata."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo nilikuwa nimetoka Ugalla kwa wazazi wetu, ambako baba alikuwa mrina asali, nikaja mjini, mtaa wa Majengo, kumsaidia dada kazi za nyumbani. Alikuwa amenizidi miaka kumi na tano. Kati yake na mimi walizaliwa wanne, wote wakafa wakiwa wadogo, kwa hiyo alinichukulia kama mtoto wake wa kwanza, na baada ya muda, kwa kuwa Mungu hakumpa wengine, kama mtoto wake wa pekee. Mume wake aliuza vitambaa na kanga. Duka lilikuwa mbele, nyumba nyuma, na dada alikaa dukani toka asubuhi kwenye kiti alichotengenezewa na fundi, kipana, cha mninga.

Unene wake mwanzoni ulikuwa sifa ya mume. Watu walimwangalia dada wakajua duka linakwenda vizuri. Lakini ulipofika mwaka ule magoti yalikuwa yamekataa, sukari ilikuwa imepanda mpaka macho yakawa na ukungu, na alilala ameketi, ameegemea mito mitatu, kwa sababu akilala chali pumzi ilikatika. Daktari alimwambia shemeji bila kuzunguka kwamba kwa mwendo ule mke wake hatafika mbali.

Shemeji alikuwa na kaka yake Uarabuni, dereva wa siku nyingi kule. Ndiye aliyeandika barua kwamba kuna hospitali inapunguza watu tumbo kwa upasuaji. Tuliisoma ile barua mara nyingi. Shemeji hakuielewa, mimi sikuielewa, dada alielewa jambo moja tu, kwamba atapasuliwa na atapona. Walipanda treni ya Kaliua mwezi wa sita. Ilibidi watu wawili wamsukume kwa nyuma apande behewa, na nilimwona akigeuza uso ili nisimtazame.

Alirudi baada ya miezi mitatu. Alikuwa bado mnene, ila ngozi ya mashavu ilikuwa imeanza kulegea. Mbele ya tumbo alikuwa na kovu refu kutoka chini ya kifua mpaka kitovuni. Alinieleza walichomfanyia huku akinionyesha kwa vidole: tumbo lake lilikuwa limebanwa kwa pini za chuma, juu kikabaki kifuko kidogo kama kikombe cha kahawa, na kwenye mdomo wa kifuko wakaweka mkanda mwembamba ili chakula kipite polepole.

"Kwa hiyo ukila sana?" nikamuuliza.

"Kinarudi. Na nikizidi kulazimisha, kinapasuka."

Alikuwa na karatasi. Ilikuwa imeandikwa Kiarabu na Kiingereza, na yule kaka yake shemeji alikuwa ameitafsiri kwa mkono wake upande wa nyuma. Ilikuwa ni sheria za kuishi. Kula vijiko vitatu vinne vya chai kwa mara moja, mara tano au sita kwa siku. Anza na samaki, yai au nyama iliyosagwa, vyakula vya wanga baadaye kama nafasi ipo. Tafuna mpaka kiwe uji mdomoni. Usinywe maji wakati wa kula, subiri nusu saa. Acha sukari, asali, soda na vya kukaanga. Tembea kila siku. Meza vidonge vya vitamini kila siku ya maisha yako. Hapo kwenye vidonge mtafsiri alikuwa amepiga mstari mara mbili. Dada alikuja na makopo manne.

Kazi ya kulisha ikawa yangu. Nilijifunza kuchemsha dagaa wa ziwani, wa Ikola, kuwatoa vichwa, kuwatwanga kwenye kinu kidogo na kuwapika na nyanya hadi wawe laini. Nilichemsha mayai nikayaponda na chumvi. Mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa na ng'ombe pembeni ya mji alituletea maziwa mgando asubuhi, na nilimpa dada nusu kikombe, akinywa kwa kijiko, kijiko kimoja, anakaa, kingine. Mlo mmoja ulichukua muda mrefu kuliko kupika kwake. Mwanzoni alikuwa anasahau. Alikuwa mtu wa tonge kubwa, amezoea kumeza na kuendelea na maneno. Siku ya kwanza aliyojisahau akala ugali kama zamani, tonge mbili tu, alishika kifua, jasho likamtoka, akakimbilia uani. Aliporudi alinawa uso akaniambia, "Kuanzia leo ukiniona napeleka mkono kwenye ugali, nipige."

Na tulitembea. Tulitoka baada ya swala ya alfajiri, wakati barabara bado ina baridi, kutoka Majengo kuelekea Makanyagio. Wiki za kwanza hatukufika popote. Alikuwa akitembea nyumba sita, anakaa kwenye jiwe au kizingiti cha mtu, ananyoosha miguu, anaomba radhi kwa wenye nyumba. Nilibeba kigoda kidogo kwa ajili ya sehemu zisizo na pa kukaa. Baada ya mwezi tulifika msikiti wa pili. Baada ya miezi mitatu tulifika Makanyagio na kurudi kwa kupitia stesheni bila kukaa, na kigoda nikakiacha nyumbani.

Sitaki kuandika kana kwamba wakati wote ule ulikuwa wa shida. Kuna asubuhi moja aliinama mwenyewe akafunga kamba za raba alizonunuliwa Uarabuni, akabaki ameinama hivyo hivyo. Nikadhani ameumia. "Naangalia miguu," akasema. "Sijaiona toka nimeolewa." Sukari ilishuka. Alilala chali. Alianza kupima kanga kwa mikono yake badala ya kuwaita watu, na siku nyingine akiwa peke yake alikuwa akiimba.

Mwili uliendelea kushuka. Ulishuka haraka kuliko tulivyotarajia. Nywele zilikatika zikabaki nyepesi, jambo ambalo karatasi ilikuwa imesema lingetokea na lingepita. Ngozi ya mikono ilining'inia. Mashavu yaliingia ndani, mifupa ya mabega ikatokeza. Ulipotimia mwaka na nusu dada alikuwa na mwili wa kawaida, mwembamba kidogo kuliko wangu, lakini watu wa mji hawakumlinganisha na mimi. Walimlinganisha na alivyokuwa.

Anayekumbuka miaka ile anajua mtu aliyekonda alikuwa anaambiwa nini. Tulikuwa tunazika. Kila mtaa ulikuwa na nyumba ambayo baba alitangulia, mama akafuata, watoto wakagawanywa kwa bibi zao. Ugonjwa wenyewe watu hawakuutaja. Walisema "huu wa siku hizi," au walinyanyua kidole cha mwisho tu, kuonyesha wembamba. Nasi hatukuwa tumemweleza mtu yeyote habari ya upasuaji. Shemeji aliona aibu kusema mke wake amefungwa tumbo asile, akawaambia watu alikwenda kutibiwa sukari. Tulipoanza kusema ukweli, ulionekana uongo uliotungwa kwa haraka.

Wateja walianza kuweka pesa juu ya meza badala ya kumpa mkononi. Kisha wakaanza kuuliza, "Mwenyewe yupo?" yaani shemeji. Mama wa maziwa aliendelea kuja, ila alimimina kwenye chombo chetu akiwa amekinyanyua juu, chombo kisigusane na chake.

Siku niliyoelewa vizuri ilikuwa kwenye harusi ya jirani. Wanawake tulikaa kwenye jamvi, sinia moja watu sita. Dada alikuwa amekula kwanza nyumbani, vijiko vyake vitatu, kwa hiyo pale alitaka kuonja tu kwa adabu. Alichukua kipande cha nyama na punje chache za pilau, akatafuna taratibu, muda mrefu, kama alivyofundishwa. Wenzetu walikuwa wanamwangalia akitafuna. Mmoja akafuta mkono. "Mimi nimeshiba," akasema, na alikuwa hajala tonge tatu. Wa pili akakumbuka mtoto wake analia. Haikupita muda tukabaki wawili kwenye sinia lililojaa. Dada aliendelea kukaa, mgongo wima, akatafuna mpaka akameza. Njiani kurudi alisema neno moja: "Pilau ilikuwa nzuri."

Sasa niseme langu. Nilikuwa nimesoma ile karatasi mpaka nikaikariri. Kovu nililiosha kwa mikono yangu. Bado nilianza kufikiri: na kama yote ni kweli na ugonjwa pia upo? Wasichana niliochota nao maji waliniuliza kama siogopi. Nikatafuta kikombe changu, cha bati lenye ua jekundu, nikawa nakificha nyuma ya debe la unga, na chai nakunywa jikoni nikiwa nimesimama.

Alikikuta siku niliyokuwa sokoni. Niliporudi kilikuwa mezani na yeye amekaa mbele yake.

"Hiki cha nani?"

"Changu, dada."

"Kwa nini kinakaa nyuma ya debe?"

Niliweka kikapu chini. Alinitazama bila hasira, na ingekuwa afadhali angenipiga.

"Unataka nikapime," akasema, "ili wewe unywe chai na mimi."

"Sijasema hivyo."

"Nitakwenda. Nyie wote mmechoka kuniangalia."

Alikwenda, nikamsindikiza. Tulingoja majibu wiki kadhaa, na katika wiki hizo tulitembea kila alfajiri bila kuzungumza. Majibu yalisema hana. Mshauri aliyetupa karatasi alikuwa mama mpole, akamwambia dada afurahi. Dada aliikunja, akaitia kwenye kifuko alichokuwa anafunga kwenye pindo la kanga. Nje nikamwambia tuwaonyeshe watu.

"Nimwonyeshe nani? Niitundike dukani kati ya vitenge?"

Nilikiponda kile kikombe cha bati kwa jiwe, kilipobonyea nikakitupa chooni. Hakunishukuru wala hakuniuliza kilikwenda wapi.

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Nataka lieleweke hilo. Alimpeleka mke wake ng'ambo wakati wengine wangemwacha afe. Lakini duka lilikuwa linakufa, na mama yake alikuwa anamwambia kila Ijumaa ajiangalie na yeye. Jioni moja alikuja uani tukiwa tunachambua mchele, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Ungerudisha mwili kidogo," akamwambia dada. "Kidogo tu. Watu wanyamaze."

"Nirudishe na nini? Tumbo lenyewe unalijua."

"Uji unapita. Maziwa yanapita. Asali inapita."

Dada aliendelea kuchambua mchele. Kesho yake alfajiri niliamka, nikavaa, nikamngoja mlangoni. Alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani. "Leo hatuendi," akasema. "Kila nikipita wananihesabu mifupa."

Hatukwenda tena. Ndipo kazi yangu ikageuka. Nilipika uji wa karanga wenye sukari na siagi, nikauweka kwenye chupa, akanywa toka asubuhi mpaka jioni, kidogo kidogo bila kupumzika. Baba alituletea asali kwa mtu aliyetoka Ugalla, ndoo ndogo, bila kujua chochote zaidi ya kwamba binti yake amekonda. Dada aliilamba kwa kijiko kilekile cha samaki. Nilimwambia karatasi inakataza. Akanijibu kwamba aliyeandika karatasi hakai Majengo.

Kweli aliongezeka. Uso ulijaa. Mama mkwe wake alifurahi. Lakini alikuwa anataka haraka, akaanza kujaribu vyakula vizito juu ya uji, ndizi, ugali, akijilazimisha, na kifuko kikakataa. Alianza kutapika. Mara moja kwa siku, baadaye kila alichoweka mdomoni. Vidonge vilikuwa vimekwisha muda mrefu. Kaka yake shemeji alikuwa ametuma mara mbili kwa wasafiri, mara ya tatu mzigo haukufika, na hakuna aliyefuatilia, mimi nikiwa mmojawapo. Tulidhani vidonge vilikuwa vya kipindi cha kidonda. Ule mstari uliopigwa mara mbili niliusahau.

Alianza kulalamika kwamba nyayo zimekufa ganzi. Akaacha kandambili njiani bila kujua zimemtoka. Kisha akaanza kuyumba kama amelewa, akishika ukuta. Mwili ulishuka tena, ndani ya wiki chache tu, na safari hii hakukuwa na raba wala nyimbo. Asubuhi moja aliniita kwa jina la mama. Nilipomsogelea macho yake yalikuwa yanachezacheza pembeni, hayatulii usoni kwangu.

Tulimpeleka kwa daktari mmoja mzee aliyekuwa na zahanati yake mwenyewe. Ndugu wa shemeji walishaanza kusema asisumbuliwe, aachwe apumzike, kama walivyokuwa wakisema juu ya wagonjwa wengine. Nilibeba karatasi zote, ya Uarabuni na ya kipimo. Yule daktari alisoma ya Uarabuni pande zote mbili akiwa amesimama. Akasema hajawahi kumwona mtu aliyepasuliwa hivyo, ila ametibu walevi waliokosa vitamini, wenye macho kama yale. Akauliza, "Vidonge viko wapi?"

Nikamwambia vimekwisha.

"Toka lini?"

Nikahesabu. Ilikuwa karibu mwaka. Hakunigombeza. Alimchoma sindano za vitamini siku ile na siku zilizofuata, na kabla ya wiki kuisha macho yakatulia, akaacha kutapika, akanywa maziwa. Daktari alisema tumemleta akiwa amechelewa, lakini hakuwa amechelewa kabisa, na kwamba kitakachorudi kitarudi na kingine hakitarudi.

Miguu ilirudi nusu. Alitembea kwa fimbo, akipiga nyayo chini kwa nguvu ili ajue zimefika. Akili ilirudi kwa namna yake. Mambo ya zamani aliyakumbuka yote, harusi yake, watoto wa mama waliokufa, majina ya mizinga ya baba porini. Ya leo hayakukaa. Nilimpa chakula, nikatoa sahani, akaniuliza kama tumeshakula. Ile harusi ya jirani ilikuwa imefutika. Kikombe changu kilikuwa kimefutika. Siku moja nilimwomba msamaha kwa ajili ya kile kikombe, nikilia, akanipapasa kichwa akasema, "Vikombe vinavunjika, mdogo wangu, tutanunua kingine." Nikajua nimechelewa kuomba.

Shemeji alioa mke wa pili mwaka uliofuata, binti wa Inyonga, mkubwa kwangu kwa miaka michache. Nilimchukia kabla hajafika. Alipofika aliniomba nimwonyeshe dada anakulaje. Nikamsomea karatasi, kila sheria, naye akairudia kwa kunifuata. Mchana ule alitwanga dagaa, akapakua vijiko vinne kwenye sahani, akakaa chini mbele ya dada, na chakula chake akakiweka kwenye sahani ileile upande wa pili. Akala naye, akimsubiri atafune. Kipande cha samaki kilichoanguka kutoka kwenye kijiko cha dada alikiokota akala.

Tukiwa tunaosha vyombo nilimuuliza kama hakuambiwa maneno ya watu.

"Niliambiwa kabla sijaolewa," akasema. "Mama yangu alikufa na huo ugonjwa. Nilimlisha mwenyewe mwaka mzima, nikamwogesha, na mdogo wangu naye hivyo hivyo. Najua unavyoonekana." Akaisuuza sahani akaigeuza juani. "Huyu ana njaa tu."

Mimi nilirudi Ugalla kuolewa. Dada aliishi miaka mingine minne pale Majengo, akilishwa na mke mwenzake, vidonge vya vitamini vikitafutwa Tabora kila treni ilipokwenda. Aliondoka kwa malaria ya siku tatu wakati wa mvua, mimi nikiwa njiani, treni imekwama kwa sababu ya maji kwenye reli. Nilipofika alikuwa ameshaoshwa. Mke mwenzake alinipeleka chumbani, akanionyesha alivyomfunga sanda, akaniambia kwamba asubuhi ya mwisho alikula yai zima.